Bomba la Hewa la Pikapu ya Deo

Jumapili, 6 Julai

Mluzi. Ndio uliobaki na mimi tangu jana. Mwembamba, wa juu, kama mtu anayevuta hewa kwenye pengo la jino. Pikapu ya kaka Deo inaupiga kila inapopanda kilima, na kati ya Mwimbi na mjini vilima haviishi. Nilikaa kando yake njia nzima nikiusikiliza. Yeye alikuwa anazungumzia mpira wa miguu.

Leo nimekwenda misa, nimefua, nimechambua mchele. Bado nausikia.

Mchana nilifungua boneti. Mpira unaopeleka hewa kwenye injini umechanika, na Deo ameufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Boksi la chujio nalo lina ufa unaoingia kidole. Maana yake injini inakula vumbi lisilochujwa, na huu ni mwezi wa Julai, Ufipa nzima ni vumbi na upepo. Nikamwita. Akasema gari linapiga mluzi kwa sababu lina furaha. Nikamwambia linapiga mluzi kwa sababu linakufa.

"Haya, Injinia," akasema.

Mimi si injinia. Nilisoma fizikia, nikarudi kuishi kwake hapa mjini, Izia, na ninafundisha tuisheni watoto wa kidato cha nne sebuleni kwake. Anajua vizuri kwamba mimi si injinia.

Ila safari hii aliacha kucheka mapema. Kupura kunaanza wiki ijayo. Miezi mingine Deo anabeba mizigo ya watu, mbao, mahindi, vitanda, chochote. Lakini Julai na Agosti ndiyo miezi yake. Vijijini wanamwaga maharage makavu na mashina yake kwenye turubai, yeye anayakanyaga kwa gari polepole, anazunguka na kuzunguka, mpaka maganda yapasuke. Anapunguza upepo kwenye matairi ili punje zisivunjike. Akimaliza kwa mmoja anakwenda kwa mwingine. Msimu ukienda vizuri anaendelea kuwa mtu wa gari lake. Ukiharibika anarudi kuendesha lori la mtu, kama alivyofanya tangu ana miaka ishirini. Anasema akirudi kule ni afadhali wamzike akiwa amekaa hivyo hivyo kwenye kiti cha dereva.

Kwa hiyo chujio na bomba lake lazima vibadilishwe kabla. Nimemwambia nitachagua mimi na nitafunga mimi. Hakubisha.

Jumanne, 8 Julai

Majengo, baada ya tuisheni. Duka la vipuri la Mama Nasra. Nilimwamkia, nikaingia moja kwa moja kwenye shida yangu, akaniambia kwanza nikae, duka lake si hospitali.

La kufanana na la zamani hakuna. Mjini kote hakuna, nimeuliza. Kuna mawili yanayowezekana.

La kwanza ni boksi lililotumika, limetoka kwenye gari la aina nyingine. Jeusi, zito, lina mfuniko wa kubana na chujio la karatasi ndani. Limefungwa pande zote. Tatizo ni kwamba halikai mahali pa lile la zamani. Linahitaji kipande cha chuma cha kulishikilia, na boliti zake zinaingia kwa chini, nyuma ya gurudumu. Mtu mmoja alale chini ashikilie, mwingine akaze kwa juu.

La pili ni bomba jipya la alumini linalong'aa kama sufuria ya harusi. Mwisho wake kuna chujio jekundu la pamba, umbo la koni, liko wazi, linavuta hewa kutoka kila upande. Halihitaji kutoboa chochote. Klipu na bisibisi tu.

Lipo pia la tatu, lile linalopanda kando ya kioo mpaka juu ya paa. Hilo lingekuwa zuri kuliko yote kwa vumbi, lakini linataka bodi itobolewe tundu kubwa. Deo angezimia.

Mama Nasra akaniwekea bomba mapajani. "Hili unafunga mwenyewe, mwanangu. Ukiweza kufunga kilemba, hili umeliweza." Halafu akaligusa boksi kwa ncha ya kandambili yake. "Hili njoo na mwanaume."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anauza. Lakini nililitazama lile boksi tena nikaona nimelichukia.

Sikununua. Nimesema nitafikiri.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefikiri siku mbili. Nataka niandike hapa nilivyofikiri ili nijue kama nina akili.

Karatasi inazuia vumbi laini kuliko pamba. Hili nalijua. Halina ubishi.

Lakini pamba inaoshwa, inapakwa mafuta yake, inatumika tena. Karatasi ikijaa inatupwa, na nyingine lazima itafutwe. Lakini koni inapitisha hewa nyingi zaidi. Huku juu hewa ni nyepesi, injini inahema kama mgeni aliyetoka pwani, kwa hiyo hewa zaidi si anasa. Lakini bomba linashuka nyuma ya bampa, mbali na joto la injini, na hewa baridi ni nzito, na hewa nzito ina nguvu. Lakini ni rahisi kufunga. Likilegea njiani hata mimi naweza kulikaza.

Hoja nzuri. Nimezisoma tena. Nina kipaji cha kujenga hoja za jambo nililokwisha kuliamua.

Wakati wa chakula Deo aliuliza, "Kwani lile boksi lina shida gani? Mimi nilale chini nishike, wewe ukaze. Nusu saa."

Nikasema hakuna haja.

"Sawa," akasema, akaongeza mboga.

Nimenunua bomba leo jioni.

Jumamosi, 12 Julai

Nimelifunga.

Asubuhi yote. Deo nilimwambia akae mbali na asiguse. Akageuza ndoo, akakaa juu yake chini ya ukuta wa jirani penye jua, anatafuna muwa, anatangaza kama mechi. "Injinia anachukua bisibisi. Injinia ameangusha bisibisi. Injinia anamtazama mwamuzi." Jirani akaja kusikiliza. Sikuwatazama.

Kutoa la zamani kulikuwa kugumu kuliko kuweka jipya. Boliti moja ilikuwa imeshika kutu, nimechana kidole gumba. Ndani ya mpira wa zamani nilikuta vumbi jekundu limeganda kama unga wa ugali uliobaki sufuriani. Nikamwonyesha Deo. Aliacha kutangaza.

Bomba liliingia vizuri. Upande mmoja mdomo wa injini, klipu. Katikati kona, klipu. Chini nyuma ya bampa ile koni nyekundu, klipu. Hakuna chuma cha kulishikilia, limening'inia kwa hizo klipu tu. Karatasi yake ya maelekezo inasema inatosha.

Akawasha.

Ilinguruma. Si kelele. Ni nguvu. Mluzi haukuwepo tena. Tulikwenda mpaka mwisho wa lami tukarudi, vilima vyote ikapanda bila kubadili gia. Deo akasema sasa inakoroma kama mjomba baada ya kikao cha harusi. Kisha akasema, bila utani, "Umeweza."

Nilifurahi. Naandika neno hilo kama lilivyo. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi kiasi kile kwa kitu nilichofanya kwa mikono yangu, peke yangu, bila mtu kunishikia chochote.

Jumatano, 16 Julai

Mwimbi. Tumefika jana. Tumefikia kwa shangazi Restituta, dada yake baba, ambaye kila mwaka ndiye wa kwanza kupuriwa. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya salamu kama alivyotufundisha tukiwa wadogo, akaniacha pale chini muda mrefu anaangalia kidole changu chenye kidonda. Akauliza kwa Kifipa nani ameniuma. Nikamwambia gari.

Leo asubuhi maharage yalimwagwa. Deo akapunguza upepo wa matairi, akaingia, akaanza kuzunguka. Wanawake sita saba pembeni na uma zao, kazi yao kugeuza mashina kila gari likipita.

Mizunguko michache tu, moshi mweusi. Gari likakosa nguvu, likatetemeka, likazima.

Nilijua kabla sijafungua. Koni iko chini nyuma ya bampa, na makapi yanaruka chini nyuma ya bampa. Niliwaza lami, niliwaza vilima, niliwaza hewa nyepesi ya Ufipa. Kupura, ambako ndiko kulikofanya tununue bomba, sikukuwaza. Naandika tena maana siamini. Sikukuwaza. Koni ilikuwa imejaa vishungi vya maganda kama nungunungu.

Nikaikung'uta. Mizunguko michache, ikajaa tena. Nikaikung'uta. Wanawake wameegemea uma zao.

"Gari la mjini lina mafua," mmoja akasema.

"Mpeni tangawizi."

Wakacheka sana. Deo naye akacheka. Mimi masikio yaliwaka.

Shangazi ndiye aliyenipa kipande cha kanga yake kuukuu, wala hakujua nakitakia nini, aliona tu natafuta kitambaa. Nikaifunika koni yote, nikaifunga kwa ukanda wa tyubu. Makapi yakawa yanabaki kwenye kanga, unayapangusa kwa mkono bila kufungua kitu. Gari likazunguka mpaka lundo likaisha.

Deo akasema, "Kumbe zile ada hazikupotea."

Shangazi akanipigia makofi. Yule wa tangawizi akaniuliza kama nimeolewa.

Nilikubali sifa zote. Jioni nikaangalia ile klipu ya juu, ya mdomo wa injini. Nikaona bomba linacheza kidogo. Sasa limebeba koni, kanga na makapi, na hakuna chuma cha kulishika. Nikasema nitaliangalia vizuri kesho.

Jumamosi, 19 Julai

Nimechoka. Pua nyeusi, nywele nyeupe. Malundo makubwa ya ukoo wa Mzee Kapufi yamekwisha. Watu wanatoka vijiji vya jirani kumwomba Deo siku. Hakatai mtu. Hata bibi mwenye lundo la kujaza madebe mawili anaambiwa atapitiwa. Ndivyo alivyo.

Asubuhi aliniuliza, "Zile klipu umezikagua?"

Nikasema ndiyo.

Nilizitazama. Sikuzigusa.

Jumatatu, 21 Julai

Kuna msiba kijiji cha pili. Deo amekwenda kusaidia kuchimba kaburi. Kabla ya kuondoka akanirushia funguo.

Hajawahi kunipa usukani kwenye turubai. Mjini ndiyo, barabarani ndiyo. Kwenye maharage ya watu, hapana. Akasema, "Endesha kama umebeba mayai." Akaondoka bila kugeuka nyuma, na hilo la kutogeuka ndilo lililonipa kiburi.

Niliendesha mchana wote. Polepole, nazunguka, narudi nyuma, nazunguka. Wanawake waliniimbia wimbo wa kumtania bibi harusi asiyejua kupika. Jua kali, vioo nimefunga kwa sababu ya vumbi.

Baada ya muda gari likaanza kunguruma zaidi. Sauti ikapanda. Ikawa pana, nzito, inaingia kifuani. Nilisikia. Sitajidanganya kwamba sikusikia. Nilisikia na nikaipenda. Nilidhani injini imepata moto vizuri. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba inanguruma hivyo kwa sababu ni mimi ninayeiendesha.

Hakuna aliyeshtuka. Gari letu kila mtu anajua linanguruma. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Lundo lilipoisha nikafungua boneti nipanguse kanga.

Bomba lilikuwa limechomoka kwenye mdomo wa injini. Limelala juu ya bampa pamoja na koni yake na kanga yake, halishiki chochote. Mdomo uko wazi. Mchana wote injini imekunywa vumbi la kupura kwa mdomo mtupu. Kwenye ukingo wake kulikuwa na makapi yameshikana na udongo laini. Nikaingiza kidole. Kilitoka cheusi, na nilipokisugua na kidole kingine kilikwaruza.

Nikafunga boneti. Wanawake walikuwa wanapepeta, wanaimba.

Deo aliporudi, mikono ina udongo wa kaburi, nilimwambia hapohapo, kabla hajanawa. Alikwenda akatazama. Alikaa ameinama mle ndani kwa muda mrefu. Kisha akarudisha bomba mahali pake, akaikaza klipu kwa nguvu, na ilizunguka, ikazunguka. Ilikuwa imelegea kiasi hicho.

"Tutajua kesho," akasema.

Jumanne, 22 Julai

Tumejua.

Moshi wa bluu njia nzima ya kurudi mjini. Oili inaungua. Kilima cha kwanza gari lilipanda, cha pili likapanda kwa gia ya kwanza, cha tatu Deo alisimama, akashuka, akakaa juu ya jiwe. Tulisubiri lipoe. Tuliongeza oili. Tukaendelea. Hakuzungumzia mpira.

Ijumaa, 25 Julai

Fundi wa hapa Izia amefungua injini. Deo aliniita nione, si kwa kunikomoa, alidhani ningependa kuona. Kuta za silinda zote zina michirizi ya wima, kama ubao uliokwanguliwa kwa msumari. Ringi za pistoni zimelika. Yote yaanze upya.

Nilisimama pale nikielewa kila kitu. Naweza kueleza kwa hesabu ukubwa wa punje ya vumbi inayoweza kufanya vile. Ningeweza kueleza hata mwezi uliopita.

Deo hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani nilitembea nyuma yake kidogo ili akitaka kugeuka na kusema, ageuke. Aligeuka mara moja. Akaniuliza kama nyumbani kuna chumvi.

Ningependa anitukane. Ningependa hata anipige kibao kama tulipokuwa watoto. Jambo kubwa hivi haliwezi kupita bila sauti.

Jumatano, 30 Julai

Simu zinapigwa tangu asubuhi. Watu wa Mwimbi na vijiji vyake. Deo anawajibu mmoja mmoja, amesimama mlangoni, mkono juu ya kizingiti. "Shikamoo mama. Hapana mama. Injini. Samahani mama. Samahani sana."

Mimi nafundisha sebuleni. Nageukia ubao. Kila "samahani mama" inanikuta mgongoni. Leo nimekosea kanuni ambayo naijua tangu kidato cha pili, na mtoto mmoja akaniambia kwa adabu, "Madam, hapo umegeuza."

Shangazi alipiga pia. Ameniambia limekuja trekta la tajiri mmoja kutoka upande wa barabara kuu. Linapura. Linakwenda haraka na linavunja punje nyingi, lakini linakwenda. Kwa wenye malundo makubwa limefika tayari. Nikapumua kidogo, nikasema basi watu hawajakwama.

"Wakubwa hawajakwama," shangazi akasema. "Hao wa lundo dogo nani atawawashia trekta?"

Hao ndio Deo alikuwa anawapitia. Aliwaahidi wote. Kijiji baada ya kijiji, madebe mawili, madebe matatu. Aliwapitia kwa sababu pikapu yake haikuwa na haraka.

Sikuwa nimewafikiria. Nilikuwa namfikiria Deo, na zaidi ya Deo nilikuwa najifikiria mimi.

Jumapili, 3 Agosti

Deo ameondoka leo. Amepata lori. La mtu. Atakuwa anakwenda Tunduma na kurudi, kisha popote mwenye lori atakapotaka. Injini ya pikapu itasubiri mpaka apate namna.

Alivaa lile koti lake la zamani la safari, la kijani, ambalo alikuwa amelitundika stoo na kuapa kwamba panya wanaweza kulila. Panya walikuwa wameanza. Niliziba tundu la kiwiko jana kwa sindano, na uzi haukufanana.

Nilimtengenezea chapati za njiani. Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nimelipanga siku nyingi, lilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Nikaanza. Akanisimamisha kwa mkono ulioshika chapati.

"Wewe, gari ni chuma. Chuma kinatengenezwa."

"Lakini ulisema hutarudi kwenye lori."

"Nilisema wanizike nimekaa. Bado sijafa."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Alipokuwa amekwishabeba begi, akageuka. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeuliza kitu kilichokuwa kinamtatiza kidogo tu.

"Ila lile boksi. Si ungeniita tu nikushikie?"

Hakungoja jibu. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani.

Nimekaa kwenye ndoo ile ile aliyokalia akitangaza mechi. Hapana mtu. Pikapu iko pale bila injini, boneti imesimama. Jibu ninalo. Sikumwita kwa sababu ningelazimika kusema tumefunga. Nilitaka kusema nimefunga. Ndiyo sababu yote, haina nyingine, na zile hoja za hewa baridi na hewa nzito niliziokota njiani.

Jumatano, 13 Agosti

Mwimbi. Upepo umetulia leo.

Tunapura kwa fimbo yale malundo madogo aliyoyaahidi Deo. Mistari miwili, mnatazamana, huu ukipiga ule unainua. Ukiwahi unagonga fimbo ya mwenzako. Ukichelewa wimbo unakuacha. Siku ya kwanza nilimgonga kila mtu. Bibi mmoja aliye mbele yangu, mwembamba kama fimbo yake, aliniambia, "Mjukuu, unapiga kama mnagombana. Maharage hayakukosei kitu." Leo nimegonga mara chache. Viganja vimefanya malengelenge, yamepasuka, vimeanza kukauka.

Lundo lake limekwisha mchana. Kujaza madebe mawili na kidogo. Tumepepeta, akachota kwa kiganja, akapuliza, akazitazama punje moja moja. Nzima. Akanipa ungo nibebe nyumbani kwake, akatangulia.

Sijisikii nimelipa. Nilidhani ningejisikia hivyo, angalau kidogo, jioni. Deo yuko barabarani na koti lenye uzi usiofanana. Juzi alipiga simu kutoka sehemu yenye kelele, akauliza niko wapi, nikamwambia, akauliza nani amebaki. Nikamtajia majina. Akanikumbusha mmoja niliyemsahau, mama wa karibu na mto. Nimemwongeza. Wanawake wamesema huko tutakwenda wote, si wa kuachiwa mtu mmoja.

Tuisheni nimeifunga. Wazazi nimewaambia ana kwa ana, nyumba kwa nyumba, na wawili hawakufurahi. Nyumba ya Izia nimeifunga, funguo anazo jirani. Nilihamia hapa Jumatatu. Nguo zangu ziko kwa shangazi, kwenye msumari nyuma ya mlango.